WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok au YouTube: mfanyabiashara mdogo wa Tanga aanzie wapi?

Mtu wa Tanga akisema anataka kutangaza biashara yake mtandaoni, huambiwa haraka afungue akaunti ya TikTok kwa sababu huko ndiko watu waliko. Ni kweli kwamba watu wako huko, lakini wengi wao hawako Tanga, na muuza vitumbua wa Makorora hana namna ya kumfikishia kitumbua cha moto mtu aliyekiona kwenye simu akiwa Mwanza. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na idadi ya watumiaji wa kila mtandao duniani. Unaanza na maswali mawili ambayo anayeanza anaweza kuyajibu kabla hajagusa simu: bidhaa au huduma yangu inaweza kusafiri hadi wapi, na je, mnunuzi wangu wa kawaida ni mtu anayenijua tayari au ni mgeni?

Majibu ya maswali hayo huitenganisha mitandao hii vizuri kuliko kigezo kingine chochote. WhatsApp ni ya watu wanaokujua. Facebook huwafikia watu wanaowajua wanaokujua: majirani, watu mliosoma nao, ndugu waliohamia Dar es Salaam. Instagram humfaa mteja ambaye amekwisha kusikia habari zako na anataka kuona kazi yako kabla hajatoa fedha. TikTok hukupeleka kwa watu wasiokujua kabisa, popote walipo. YouTube ni ya mtu mwenye swali anayetafuta jibu. Kila mmoja una njia zake za kuingia katika eneo la mwenzake, lakini mtu anayeanza hana muda wa kuzitumia njia hizo zote, na ni afadhali aanze na kile ambacho kila mtandao hukifanya vizuri zaidi.

Msomaji ninayemfikiria ni mfanyabiashara mdogo mwenye simu janja moja, anayenunua bando la siku au la wiki, na asiye na msaidizi wa kumshikia kamera. Kampuni yenye mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo ina hesabu nyingine.

WhatsApp: mahali ambapo mauzo hukamilika

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, ikanunuliwa na Facebook mwaka 2014, na Januari 2018 ikatoa programu ya pili iitwayo WhatsApp Business, iliyokusudiwa wafanyabiashara wadogo. Programu hiyo ni ya bure, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa karibu kila anayeanza hapa mjini. Sababu ni kwamba mitandao mingine yote huishia hapo. Mteja aliyeliona dera Instagram au keki Facebook, mwisho wake ataomba namba ya WhatsApp ili muelewane bei, kipimo na mahali pa kupokelea mzigo. Aliyepamba ukurasa wa Instagram huku WhatsApp yake ikijibu baada ya siku mbili amewaita wageni nyumbani na kufunga mlango.

Tofauti kubwa kati ya WhatsApp ya kawaida na ile ya biashara ni katalogi, yaani orodha ya bidhaa yenye picha, bei na maelezo, ambayo huweza kubeba bidhaa hadi 500. Yapo pia mambo madogo yanayookoa muda: saa za kazi na anwani kwenye wasifu, salamu inayojituma yenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza, majibu yaliyohifadhiwa kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutofautisha mteja mpya na yule aliyekwisha kulipa. Kati ya hayo yote, katalogi ndiyo inayostahili kupangwa kwanza, na kwa makini. Maelezo ya bidhaa moja yanaweza kuwa mafupi hivi: "Dera la pamba, rangi ya bluu, shilingi 25,000. Lipo dukani Ngamiani. Mikoani tunatuma kwa basi kutoka stendi ya Kange, nauli ya mzigo ni ya mteja." Mstari huo mmoja umejibu maswali manne ambayo vinginevyo yangeulizwa na kila mteja, kila siku. Mazungumzo yanayobaki ni mafupi:

"Shikamoo mama, lile dera la bluu bado lipo?"

"Marahaba mwanangu, lipo. Utapita dukani au nikutumie?"

WhatsApp ina mpaka ambao wengi hawaujui, nao ndio hueleza kwa nini mtu mwenye namba mia tatu kwenye simu huona stetasi yake imetazamwa na watu kumi na tano. Stetasi, ambayo hudumu saa 24, humfikia mtu ikiwa tu wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mkupuo nayo ina kikomo cha watu 256, na ujumbe wake huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Kazi ya kukuza wateja wa WhatsApp hufanyika dukani, mteja anapolipa: mwombe ahifadhi namba yako hapo hapo, na wewe uhifadhi yake kwa jina utakalolikumbuka.

Makundi huweza kufikia watu 1,024, lakini sishauri mtu aanze nayo. Kumwingiza mteja kwenye kundi bila kumwuliza humkera, na kutupa tangazo la samaki kwenye kundi la wazazi wa shule au la maandalizi ya harusi ya mtu ni njia ya haraka ya kuondolewa, tena mbele ya watu wanaokufahamu. Stetasi ina adabu zaidi kwa sababu anayeifungua ameamua mwenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu WhatsApp ni namba. Namba moja haiwezi kutumika kwenye programu ya kawaida na ya biashara kama akaunti mbili tofauti kwa wakati mmoja, lakini simu yenye laini mbili inaweza kubeba programu zote mbili, kila moja na namba yake. Kutenga laini ya biashara tangu mwanzo kuna faida nyingi, ya kwanza ikiwa kwamba siku utakapomwachia binti yako simu akujibie wateja, hatasoma ya ukoo.

Usichoweza kukipata WhatsApp ni wageni. Asiyekuwa na namba yako hawezi kukukuta kwa bahati, na hapo ndipo mtandao wa pili unapohitajika.

Facebook: mtandao wa wazee, na faida yake

Vijana wengi husema Facebook ni ya wazee. Ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, ikafunguliwa kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea Septemba 2006, kwa hiyo waliojiunga wakati huo wakiwa vijana leo wana watoto wanaosoma sekondari. Kwa muuzaji hiyo si kasoro. Watu hao ndio wanaojenga nyumba, wanaooza watoto, wanaonunua makochi na kukodi maturubai. Anayeuza mabati, mbao, samani, viwanja vyenye hati au mapambo ya shughuli atawakuta wanunuzi wake Facebook kabla ya kuwakuta TikTok.

Nguvu ya Facebook kwa mji wa ukubwa wa Tanga ni makundi ya watu wa eneo moja. Humo tangazo husomwa na mtu anayejua Chumbageni iko wapi, na asiyehitaji huweza kumtaja jamaa yake anayehitaji. Anayeanza ajiunge na makundi machache, asome kwa siku kadhaa ili ajue kanuni za kila kundi, kisha aweke tangazo lenye picha halisi, bei na mahali. Kuibandika picha ile ile kwenye makundi ishirini ndani ya dakika tano huwafanya wasimamizi wamwondoe, na mfumo wenyewe huweza kumzuia kwa muda.

Yapo makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kufungua akaunti binafsi kwa jina la duka. Facebook inataka akaunti binafsi iwe ya mtu halisi, na huweza kuifunga ikigundua vinginevyo. Tena akaunti hiyo haiwezi kuwa na marafiki zaidi ya 5,000. Duka hufunguliwa Ukurasa, ambao hauna kikomo hicho. La pili ni kuutegemea Ukurasa mpya ujitangaze wenyewe. Ukurasa usio na wafuasi na usiolipiwa matangazo huonekana na watu wachache sana, hivyo mwanzoni mwenyewe ndiye atakayelazimika kuzisambaza posti zake kupitia akaunti yake binafsi na makundi. Matangazo ya kulipia hudai kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za fedha za simu. Binafsi ningesubiri kwanza nijue ni picha ipi huleta maswali ya wanunuzi bila kulipiwa, kisha niilipie hiyo.

Instagram na TikTok zikiwekwa bega kwa bega

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kwa mtazamo wa juu mitandao hii miwili inafanana: picha, video fupi, muziki, komenti. Historia yake inasaidia kuona tofauti. Instagram ilianza Oktoba 2010 kama mahali pa kuweka picha, na mwaka 2012 ikanunuliwa na Facebook kwa dola bilioni 1. TikTok ilitoka kwa kampuni ya Kichina ya ByteDance, iliyotoa toleo la nchini mwake, Douyin, mwaka 2016, kisha TikTok kwa nchi nyingine mwaka 2017, na Agosti 2018 ikaiunganisha na Musical.ly. TikTok ilivunja mazoea ya kumwonyesha mtu kazi za wale anaowafuata tu. Huichukua video, huwaonyesha watu kadhaa wasiomjua aliyeiweka, hupima kama wanaitazama hadi mwisho, kisha huamua kuipeleka mbele au kuiacha. Ndiyo maana akaunti isiyo na mfuasi hata mmoja inaweza kutazamwa na maelfu. Instagram iliona hatari hiyo ikaleta video fupi za Reels mwaka 2020, na tangu hapo pengo limepungua, lakini halijafutika.

Ukurasa wa Instagram ni kama kabati la kioo: mteja hufika, hutazama safu za picha kwa sekunde chache, na kwa kuziangalia tu hujua unauza nini, kwa ustadi gani, na kama bado uko kazini au ulikwisha kuacha mwaka juzi. Kwa fundi wa nguo za harusi, mpambaji wa maharusi, mchoraji wa hina na muoka keki, hiyo ni kazi kubwa, kwa sababu mteja wao hununua kwa macho na hulipa malipo ya awali kabla ya kupokea. TikTok haina nafasi hiyo kwa kiwango hicho. Mtu huiona video moja, hucheka au husisimka, kisha hupitiliza kwenda kwa mwingine, na wengi hawafiki kabisa kwenye wasifu wako.

Kwa upande wa kazi inayodaiwa, wengi hudhani kwamba TikTok humtaka mtu aonyeshe uso, acheze na ajue maneno ya mtindo. Sivyo. Fundi wa Ngamiani anaweza kuiegemeza simu kwenye boksi la nyuzi na kurekodi mikono yake tu: kitambaa kinakunjwa mara mbili, chaki inapita, mkasi unafuata mstari, na baada ya sekunde ishirini vazi limening'inizwa ukutani. Video ya namna hiyo hutazamwa hadi mwisho kwa sababu kila mtu hutaka kuona kitu kinavyokamilika. Ni jambo la kuzingatia hapa Tanga, ambako wanawake wengi wanaofanya biashara nyumbani hawapendi sura zao zizagae mtandaoni; hakuna mtandao hata mmoja kati ya hii unaowalazimisha. Sauti yako ukieleza unachofanya inatosha, na mara nyingi inafaa kuliko muziki, kwani akaunti ya biashara ya TikTok hairuhusiwi kutumia nyimbo zote maarufu bali zile zilizoidhinishwa kwa matumizi ya kibiashara.

Kwa upande wa kumgeuza mtazamaji kuwa mnunuzi, Instagram imetangulia. Tangu siku ya kwanza unaweza kuweka kwenye wasifu kiungo kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp moja kwa moja, kwa kuandika wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255 badala ya sifuri, bila alama ya kujumlisha. TikTok kwa kawaida humpa mwenye akaunti ya kawaida nafasi ya kiungo anapofikisha wafuasi 1,000, na kurusha matangazo mubashara nako kwa kawaida kunadai wafuasi 1,000 na umri wa miaka 18. Wasifu wa Instagram una nafasi ya herufi 150 na wa TikTok 80, kwa hiyo maelezo yaandikwe kwa kubana: "Madera na khanga | Ngamiani, Tanga | Tunatuma mikoani." Ajabu ni kwamba wafanyabiashara wengi hujaza nafasi hiyo kwa misemo ya kujipa moyo, na jina la mji halimo.

Nitaje hapa ugonjwa wa Instagram ya Tanzania, nao ni kuficha bei. Mteja huuliza "Bei?" kwenye komenti, muuzaji hujibu "Njoo inboksi", na mwingine aliyekuwa anasoma kimya hukata tamaa akaondoka. Wanaoficha hudai wanawakwepa washindani, lakini mshindani naye anaweza kwenda inboksi akauliza kama mteja mwingine. Kwa kazi inayopimwa, mfano ukumbi wa kupamba, taja bei ya kuanzia. Kwa kitu kilichokamilika, andika bei.

Na fedha za kutazamwa? Mpango wa TikTok unaowalipa watengenezaji kwa idadi ya watazamaji uko katika nchi chache, na Tanzania haimo. Anayefungua TikTok kwa matumaini ya kulipwa na TikTok yenyewe kwa kutazamwa atafute matumaini mengine. Fedha yake iko kwa mnunuzi wa dera.

YouTube kwa ufupi, na X kwa ufupi zaidi

YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata, haifai kwa mtu anayetaka kuuza leo jioni. Inamfaa mwenye jambo la kufundisha: mwalimu wa hesabu, fundi simu anayeeleza namna ya kubadilisha kioo, mpishi anayeonyesha hatua za kupika. Posti ya TikTok kwa kawaida husahaulika baada ya siku chache, lakini video ya YouTube yenye jibu zuri huendelea kutafutwa kwa miaka, kwa sababu watu huifikia kwa kuandika swali. Kichwa chake kiandikwe kama mtu anavyouliza, kwa Kiswahili cha kawaida. Mapato ya matangazo huja kwa masharti: wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ni safari ndefu, na mwenye duka asiiweke kwenye bajeti ya mwaka huu. Ila video fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya TikTok huweza kupandishwa pia YouTube bila kazi ya ziada. Anayefikiria kuendesha chaneli ya habari na matukio ajue kwamba huko kunahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kuonyesha bidhaa zako ni jambo jingine.

X, iliyojulikana kama Twitter hadi Julai 2023, ni uwanja wa habari na mijadala, na upatikanaji wake nchini ulizuiwa Mei 2025. Muuza bidhaa hana sababu ya kuanzia huko.

Bando

Gharama hii husahaulika katika linganisho nyingi zinazoandikwa na watu wenye intaneti ya ofisini. Picha za WhatsApp hubanwa kabla ya kutumwa, kwa hiyo bando dogo hutosha kwa siku nzima ya kuongea na wateja. Facebook yenye picha na maandishi hufuata. Instagram na TikTok hula zaidi kwa sababu video hucheza zenyewe mara unapofungua, na hasara kubwa haitokani na video uliyoipandisha bali na zile ulizozitazama ukijiambia unatafuta mawazo. TikTok na Instagram zote zina mpangilio wa kuokoa data, nao ufunguliwe siku ya kwanza. YouTube hukuruhusu kushusha kiwango cha picha hadi 144p, inayotosha ukiwa unasikiliza maelezo tu. Rekodi na hariri ukiwa nje ya mtandao, kisha washa data wakati wa kupandisha. Anayetumia bando la siku atalipenda agizo hili kuliko mengine yote.

Akaunti ni ya nani?

Mitandao yote mitano hutofautiana kwa mengi, lakini katika hili inafanana, na huumiza zaidi ya kuchagua mtandao usiofaa. Wafanyabiashara wengi hufunguliwa akaunti na mpwa wao au kijana wa duka la simu. Kijana hutumia barua pepe yake, au namba yake, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Baada ya mwaka mmoja akaunti ina wafuasi elfu tano, kijana amehamia Arusha, nenosiri limesahaulika, na msimbo wa kuirejesha unakwenda kwenye simu yake. Kwa mtandao, mwenye akaunti ni mwenye namba au barua pepe iliyosajiliwa, hata kama duka ni lako. Kaa naye wakati wa kufungua, tumia barua pepe yako, na tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukipiga *106# unaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho hicho. Laini hiyo usiiache ikalala, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba huweza kupewa mtu mwingine.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti. WhatsApp hukuomba uweke namba ya siri ya tarakimu sita, ambayo ni tofauti na msimbo wa tarakimu sita unaotumwa kwa ujumbe wakati wa kusajili. Msimbo huo wa kusajili haupewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni rafiki yako wa siku nyingi aliyeutuma kwako kwa bahati mbaya, kwa sababu mara nyingi rafiki huyo akaunti yake imekwisha kuibwa.

Ukishaonekana mtandaoni utaonekana pia na matapeli. Watakuja na ujumbe kwamba ukurasa wako utafungwa usipobonyeza kiungo fulani, na wengine watajifanya wateja, watakutumia ujumbe wa malipo uliotengenezwa. Angalia salio lako kabla ya kukabidhi mzigo, usitosheke na ujumbe. Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040. Kwa upande wako, kutumia Lipa Namba yenye jina la biashara humtuliza mteja wa mbali kuliko kumpa namba ya mtu binafsi yenye jina lisilofanana na la duka. Na picha ya mteja aliyependeza kwa nguo yako usiitumie bila ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mbali ya sheria, Tanga ni ndogo.

Nani aanze na nini

Muuza vitumbua, mama lishe, kinyozi, fundi baiskeli na muuza samaki anayenunua soko la Deep Sea asubuhi wanahitaji WhatsApp Business na karibu hakuna kingine. Muuza samaki hasa atafaidika na stetasi: picha ya changu na kolekole saa moja asubuhi, bei kwa kilo, na kufikia saa nne wanaotaka wamekwisha kuagiza. Video yake ikitazamwa na watu laki moja wa bara, samaki wake hawataongezeka wala hawatafika.

Mwenye huduma inayozunguka mji na wilaya za jirani, kama mpambaji wa Pangani au muoka keki anayepeleka hadi Muheza, aweke WhatsApp na Instagram, na picha zile zile azipitishe Facebook kwa kuunganisha akaunti, kwa kuwa mitandao hiyo mitatu ni ya kampuni moja ya Meta, ambayo zamani iliitwa Facebook. Muuza samani na vifaa vya ujenzi ageuze mpangilio huo: Facebook kwanza, Instagram baadaye au isiwepo kabisa.

TikTok ninaiweka mbele kwa yule ambaye mzigo wake hupanda basi: muuza madera na khanga, msuka mikeka ya ukili, muuza viungo vya Amani na Muheza. Iliki, mdalasini na pilipili manga haviharibiki njiani, havina uzito mkubwa, na vina habari ya kuonyesha tangu shambani hadi kwenye kinu. Mnunuzi wa Dodoma asiyekujua anaweza kulipa Jumatatu na kupokea mzigo wake kwenye basi siku chache baadaye. Lakini hata yeye asiingie TikTok kabla katalogi ya WhatsApp haijakamilika, kwa sababu siku video moja itakapokubalika, maswali yatakuja mengi kwa wakati mmoja na hayatasubiri.

Wanaopokea wageni, yaani waongozaji wa Mapango ya Amboni, wenye nyumba za kulala wageni Raskazone na wenye migahawa, wana hali ya peke yao, kwa kuwa mteja wao ndiye anayesafiri. Instagram yenye maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza inawafaa, lakini kabla ya hapo wasajili eneo lao kwenye ramani ya Google, jambo ambalo ni la bure. Mgeni anayeshuka kwenye basi pale Kange akiwa na njaa hafungui TikTok. Hufungua ramani na kutafuta mgahawa, na usiokuwemo humpita.